Uyoga mamama: mabua au vumbi la mbao?

Swali: Nataka kununua uyoga mamama uliolimwa karibu nami, na baadaye nioteshe wangu mwenyewe. Nitautambuaje ulio mzuri? Na kwa kuoteshea, kipi hakiharibu mazingira: vumbi la mbao au mabua ya mpunga?

Jibu: Anza na mabua. Vumbi la mbao si baya, ila kuliandaa kunakula kuni. Peke yake lina virutubisho vichache, ndiyo maana wakulima huliongezea pumba, na pumba huvutia kila aina ya ukungu. Hapo maji moto tu hayatoshi. Utahitaji mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 za Selsiasi kwa saa mbili au zaidi. Mabua ya mpunga au ngano hayadai hayo yote. Hata moto unaweza kuuacha kabisa ukitumia chokaa.

Chukua kilo 10 za mabua makavu, yasiyo na ukungu, uyakate vipande vya sentimita 3 hadi 5. Koroga chokaa iliyozimwa gramu 2 kwa kila lita ya maji, yaani gramu 300 kwa lita 150, kisha zamisha mabua chini ya jiwe zito kwa saa 12 hadi 24. Vaa glavu, maana maji hayo yanachoma ngozi, na usiyamwage mtoni. Wengi hukwama kwenye ununuzi: chokaa ya shambani, ile ya mawe yaliyosagwa tu, haifanyi kazi hii kwa sababu haipandishi ualkali (kinyume cha uasidi) wa maji kiasi cha kuua vimelea.

Chuja kwa saa kadhaa. Kamua konzi moja kwa nguvu: yakitoka matone machache, unyevu uko sawa, yakitiririka, subiri. Mabua yaliyolowa mno hukosa hewa, bakteria wakashamiri, na mfuko ukaanza kunuka uchachu kabla utando mweupe wa uyoga haujaenea. Kilo zako 10 sasa zitakuwa na uzito wa kama 28. Changanya na mbegu za uyoga kilo 1.4, yaani asilimia 5. Ukipunguza mbegu, ukungu wa kijani utawahi kabla yake.

Badala ya mifuko ya plastiki ya kutupa, tumia ndoo zenye mfuniko, zitobolewe matundu ya milimita 8 hivi pembeni. Zinaoshwa na kurudiwa. Ziweke mahali penye nyuzi 20 hadi 28 kwa wiki mbili hadi nne, kisha ongeza unyevu na hewa safi. Uyoga wenye shina refu na kofia ndogo unalia njaa ya hewa, si ya maji.

Uliza pia mabua yalikotoka. Uyoga hufyonza madini mazito, na mabua yaliyopuliziwa dawa ya ukungu yanaweza kuua mbegu zako. Mbao zilizotiwa dawa ya wadudu usiziguse kabisa.

Swali hilo hilo muulize anayekuuzia: umeuotesha kwenye nini? Anayelima mwenyewe hujibu bila kusita. Kisha tazama kofia. Kingo zikiwa bado zimejikunja kuelekea chini, umechumwa kwa wakati. Zikijipindua juu, umepitiliza. Manyoya meupe kwenye kitako ni utando wake wenyewe, si uozo, ingawa wanunuzi wengi huyakimbia. Utelezi na harufu ya samaki ndivyo vya kukimbia. Nyumbani uweke kwenye mfuko wa karatasi ndani ya friji. Kwenye plastiki hutoa jasho na kuoza.

Kwa mabua kilo 10, mavuno ya kilo 5 hadi 10 kwa awamu zote za kuchuma ni ya kuridhisha. Baada ya awamu ya tatu mavuno hupungua sana. Mabua yaliyobaki yatoe nje uyatandaze bustanini au uyachanganye kwenye mboji.