Muulize Kwanza Boti Yake Yaondoka Saa Ngapi

Huu ni mwaka wangu wa tisa nikisimamia mabawabu na mapokezi katika jengo moja la serikali kisiwani Lamu. Vijana wanaopandishwa kutoka langoni kuwa wasimamizi huja kuniuliza waanzie wapi, na wengi hutarajia habari za kamera au za kile kifaa cha kukagulia vyuma. Mimi huwaonyesha ubao mdogo mweusi uliotundikwa nyuma ya meza ya mapokezi. Kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, anayeingia zamu huandika hapo kwa chaki saa ya maji kujaa na saa ya maji kupwa.

Ubao huo una kisa chake. Mwaka wangu wa pili alikuja mzee kutoka Siyu, kisiwani Pate, na mjukuu wake wa kike, ametimiza miaka 18, wanatafuta kitambulisho cha binti. Walikuwa wametoka kwao alfajiri, wakapanda boti katika gati ya Mtangawanda, na saa tatu walikuwa langoni. Bawabu wa siku ile alikuwa kijana mwenye adabu, mtu wa bara, ana wiki tatu tu Lamu. Akaiona barua ya chifu, muhuri umefifia, akawaambia, "Kaeni hapo kwanza." Foleni ikaendelea kupita. Mzee akakaa barazani akidhani ataitwa. Kijana naye, katika shughuli zake, akadhani mzee amekubali kwamba karatasi zake hazifai. Nilipotokea saa tano na nusu mzee hakulalamika. Aliinuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza, "Mwanangu, maji yashaanza kupwa?"

Yalikuwa yashaanza, tena zamani. Karani aliutazama ule muhuri, akapiga simu moja, shughuli ikaisha kwa dakika ishirini. Lakini boti ilikuwa imekwenda, na haikuwa na kosa. Mkanda, ule mfereji unaopita katika mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara, hauna kina maji yakitoka. Nahodha asiyewahi maji hukaa matopeni na abiria wake mpaka maji yarudi. Maji ya pili siku ile yalikuwa ya usiku, na usiku boti za abiria haziendi. Niliwapeleka kwa shangazi yangu Mkomani wakalala huko. Binti yule hakuinua uso njia nzima. Mimi ndiye niliyemweka yule bawabu pale bila kumfundisha chochote kuhusu watu anaowapokea, na jambo hilo bado linaniuma.

Tangu siku hiyo swali la kwanza langoni petu, baada ya salamu, ni hili: umekuja na chombo gani, na kinaondoka saa ngapi? Huwezi kuweka saa moja maalumu ya watu wa visiwani, kwa sababu maji husogea karibu dakika 50 kila siku. Leo wanaharakia saa tano, wiki ijayo wana mchana mzima. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hutoka mbali na haraka; wakati wa maji mafu, yale madogo ya katikati, nafasi ni pana kidogo. Kwa hiyo tunaandika ubaoni kila siku, na mgeni ambaye chombo chake kinaondoka ndani ya saa mbili hupewa kikaratasi cha kijani apeleke mlango anaokwenda. Maofisa wa ndani hawakukubali mara moja. Mmoja aliniambia serikali haiendeshwi kwa mwezi mwandamo. Nilikaa mwezi mzima nikiandika kila mtu wa Pate, Faza na Kizingitini aliyerudi mara ya pili kwa shughuli ileile, nikampelekea orodha ile, nikanyamaza. Alikubali. Ukitaka jambo kwa wakubwa wa ofisi, nenda na daftari. Maneno peke yake hayatoshi.

Swali hilohilo ndilo ulinzi bora nilio nao, na hili watu hawalitarajii. Mwenye shughuli ya kweli hujibu bila kufikiri: nimekuja na boti ya fulani, nakwenda ofisi ya ardhi, nataka kuwahi saa saba. Asiye na shughuli hujikwaa. Siku moja ya bamvua alikuja mtu wa makamo, nadhifu, na mkoba, saa tano asubuhi, akasema ndiyo kwanza ateremke kutoka Siyu. Bawabu aliyekuwepo ni mzaliwa wa mtaa wa Langoni, hapahapa mjini. Akatupa jicho ubaoni: maji yalikuwa yamekupwa kabisa tangu saa nne, na Mkanda mkavu. Hakumfokea wala kumzuia. Aliandika jina lake, akampeleka mwenyewe hadi ofisi aliyoitaja, akasimama mlangoni. Kule ndani hakuna aliyemjua. Baadaye tulifahamu alikuwa akiwauzia wanawake wa mashambani fomu ambazo ofisini hutolewa bure. Mashine ya vyuma isingemnasa, maana hakuwa na chuma.

Sasa kitambulisho. Sheria ya kudhibiti ulinzi wa kibinafsi ya mwaka 2016 inamruhusu mlinzi wa mlangoni kumtaka mtu ajitambulishe na kuandika saa aliyoingia na aliyotoka, na ilivyotungwa iliruhusu hata kukishika kitambulisho kwa muda. Kwangu mimi hakishikwi. Kitazame, soma jina, linganisha sura, mrudishie mwenyewe mkononi. Kwengine mtu akisahau kitambulisho langoni hurudi kesho akakichukua. Kwetu mtu huyo huvuka hadi Mokowe, hupanda basi la Malindi au Mombasa, na katika barabara ile ya Witu na Garsen abiria huteremshwa kwenye vizuizi wakaonyesha vitambulisho mmoja mmoja. Nimewahi kupigiwa simu na mama aliyeteremshwa basi likaenda zake, yuko juani na mtoto mgongoni, na kitambulisho chake kimo katika droo yangu. Nilimpelekea mwenyewe, na tangu jioni ile droo yangu haina kitambulisho cha mtu.

Daftari la wageni nalo lina hatari yake. Lile la kawaida, lililo wazi juu ya meza, kila anayejiandikisha huona jina na namba ya simu ya aliyemtangulia. Msichana mmoja aliyekuja kuuliza habari za basari alianza kupigiwa simu usiku na mwanamume asiyemjua, na tulipofuatilia tukakuta alisimama nyuma yake katika foleni. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka mtu achukuliwe habari zile tu zinazohitajika, na zitunzwe. Tuliondoa safu ya namba ya simu kabisa. Jina, anakotoka, anakokwenda, saa ya kuingia, saa ya kutoka, basi. Na anayeandika ni bawabu, daftari limemwelekea yeye.

Ukaguzi wa wanawake usiufanyie haraka. Ni lazima awepo bawabu wa kike kila zamu, si kwamba yuko nyumbani ataitwa. Kama bajeti inaruhusu mmoja tu, panga likizo zake kabla ya za mtu mwengine yeyote. Tumetenga chumba kidogo chenye pazia zito upande wa kushoto wa lango, na kioo ukutani ili akimaliza kukaguliwa ajifunge tena vizuri mtandio wake. Kioo kile kilinunuliwa kwa fedha za mfukoni, na sijaona shilingi iliyofanya kazi zaidi katika jengo hili. Mwanamke aliyevaa nikabu huingia hapo na bawabu wa kike, huonyesha uso, hulinganishwa na kitambulisho, hutoka. Hakuna mwanamume anayechungulia, hata mimi, na hata polisi wa silaha wanaolinda nje wamekubali utaratibu huo. Kabla ya chumba kile akina mama wengi walikuwa wanawatuma waume au watoto wa kiume kuwashughulikia mambo yao. Sasa wanakuja wenyewe, na wajane hasa wanaulizia mirathi yao kwa midomo yao.

Lugha pia ni sehemu ya ukaguzi. Bawabu wa bara alimsikia bibi mmoja akimwita mjukuu wake, "Ndoo! Ndoo!" akaenda kumtafutia ndoo ya maji, akidhani amezidiwa na joto. Bibi alikuwa anamwambia mtoto njoo. Alifanya kwa wema, lakini mtu akikwambia "moto" au "mgonjwa" kwa Kitikuu, lahaja ya Wabajuni, nawe hujaelewa, hapo kuna hatari. Bawabu mgeni huanza kwangu kwa wiki mbili karibu na mwenyeji, akisikiliza tu. Na ukitafuta mabawabu, usidharau kijana wa Mpeketoni anayejua Kikikuyu wala wa Kiunga anayejua Kisomali. Wote wanakuja hapa.

Kuna wageni wanaokuja na walinzi wao na msemo wao: unanijua mimi ni nani? Hapa ndipo msimamizi anapopimwa. Mwambie bawabu wako asibishane, akuite, na wewe fika. Usimkemee mbele ya mgeni, hata kama sauti yake ilipanda. Nilishafanya hivyo mara moja, ili kumridhisha mheshimiwa mmoja, na kwa miezi miwili hakuna bawabu aliyethubutu kumkagua mtu aliyevaa suti. Ilinibidi niwaombe radhi wote, asubuhi, kabla ya zamu.

Na watazame miguu yao. Mtu anayesimama juani tangu saa kumi na mbili hadi saa nane hana macho tena kufikia mchana. Kiti, kivuli, maji ya kunywa, na kubadilishana lindo kila saa mbili ndiyo mambo ya kupigania kabla ya kuomba kamera nyengine. Ijumaa, panga nani anakwenda msikitini na nani anabaki. Katika mabawabu Wakristo wapo wanaobaki kwa moyo mmoja, nao Jumapili na Krismasi walipwe wema huo.

Neno la mizigo iliyoachwa. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, hakuna mtu Lamu anayekiona kikapu kisicho na mwenyewe akakipita. Kilipoonekana kimoja barazani kwetu, mabawabu walifanya waliyofunzwa: hawakukigusa, waliwaita polisi, waliwatoa watu. Tulichokosea ni pa kuwatoa. Tuliwaelekeza wote katika kichochoro kimoja, na mbele yake punda wawili walikuwa wameziba njia na magunia ya mchanga. Watu walibanana, bibi mmoja akaanguka. Kikapu kilikuwa na maembe. Sasa kuna njia mbili za kutokea, ya pwani na ya nyuma, na kila asubuhi bawabu huzitembea zote kwa miguu yake kuona kama kuna punda, mkokoteni au mawe ya ujenzi. Siku za bamvua maji yakijaa, ile ya pwani tunaiacha.

Yule mzee wa Siyu alirudi mwaka uliofuata, shughuli nyengine. Bawabu alikuwa yuleyule wa bara. Alimtambua, akampa kiti, akamuuliza chombo kinaondoka saa ngapi, kisha akageuka kuutazama ubao kabla mzee hajamaliza kujibu.