Banjo ya kale isiyo na freti: soma mbao kabla ya kusoma bei

Muuzaji akikuuliza unatafuta nini, mjibu: banjo, ile ala ya nyuzi yenye duara lililowambwa ngozi, ambayo haijaguswa na mkarabati. Iwe na ngozi iliyochanika, kigingi kimoja cha kukazia uzi kimepotea, vumbi limeganda, sawa tu. Mimi hukipita chombo kilichopigwa vanishi mpya na kusimama mbele ya kile kibovu.

Freti ni vile vichuma vinavyokatiza shingo ya gitaa. Banjo nyingi za Marekani za miaka ya 1840 hadi 1870 hazikuwa navyo. Shingo ni tambarare na kidole hutafuta sauti chenyewe. Aliyewahi kushika gambusi pwani ataizoea upesi, maana hata ngozi iliyowambwa anaijua.

Wakusanyaji wengi huanza na jina la William Boucher wa Baltimore, Marekani. Alikuwa mtengeneza ngoma, na kuanzia miaka ya 1840 akahamishia ufundi huo kwenye banjo, yaani vile vyuma vya kukaza ngozi kwa nati. Makumbusho ya Smithsonian kule Washington yanazo baadhi ya kazi zake. Usiende mnadani kabla hujazitazama, hata kwa picha: umbo la shingo, kichwa kilichojikunja, kigingi cha uzi wa tano pembeni.

Kwa sababu ya bei, jina hilo hubandikwa ovyo. Kuna mafundi waaminifu wanaotengeneza nakala leo, na hawamdanganyi mtu. Lakini nakala iliyopigwa miaka ishirini, ikaingia jasho na moshi, ikafika kwa mtu wa tatu, huzeeka ghafla kwa karne nzima. Ndiyo maana nabeba tochi na kioo kidogo. Nachungulia ndani, kwenye kile kijiti kinachotoka shingoni kukatiza duara la mbao. Mihuri ya mafundi hukaa humo, na humo pia ndimo watu husahau kudanganya. Skrubu yenye alama ya msalaba haiwezi kuwa ya 1850. Msumari wa mviringo, ule wa waya, ulienea mwishoni mwa karne ya 19. Wa zamani ulikuwa bapa, umekatwa kwenye bamba.

Kisha laza mwanga wa tochi ubavuni mwa shingo. Mistari myembamba iliyozibwa, sambamba, ina maana kwamba freti zilikuwepo zikang'olewa. Wapo wanaozing'oa ili wauze kama cha kale zaidi. Kinyume chake kipo pia: banjo halisi iliyoongezewa freti baadaye, mtindo ulipobadilika. Hiyo naweza kuinunua, kwa bei ya chini, na freti naziacha hapo hapo.

Jambo moja hunikera. Muuzaji anaandika "banjo ya mtumwa" bila karatasi wala jina la familia, akapandisha bei. Ni kweli chombo hiki kililetwa na kukuzwa na Waafrika waliotumikishwa; makumbusho ya muziki ya Paris yana banza, yaani banjo ya awali ya kibuyu, ambayo Victor Schoelcher, Mfaransa aliyepinga utumwa, aliitoa Haiti mwaka 1841. Lakini vyombo vyao vilivyosalia ni vichache mno, na banjo nyingi za kiwandani za wakati huo ziliuzwa kwa wazungu waliopaka nyuso masizi jukwaani kuwaigiza watu weusi. Dai ushahidi. Asipokuwa nao, lipia mbao tu.

Ukishainunua, usifunge nyuzi za chuma hata kwa kujaribu, zitapinda shingo. Tumia za utumbo au nailoni, na zilegeze usipopiga. Majira ya baridi, vipasha joto vya Marekani hukausha hewa hadi ngozi ikapasuka usiku, basi weka chombo cha kuongeza unyevu chumbani.

Na kama unataka kuisafirisha nje ya nchi, chunguza kwanza vigingi na mapambo. Pembe za ndovu na magamba ya ng'amba huhitaji vibali, na forodhani hawajali kwamba ndovu mwenyewe alikufa kabla ya babu yako kuzaliwa.