Tanuri la umeme uani: msilifunge likakosa hewa

Wadogo zangu mnaoanza ufinyanzi hapa Dodoma, swali mnaloniuliza kuliko yote ni hili: nyumba ni ya kupanga, chumba hakitoshi, je, tanuri la umeme linaweza kukaa nje? Linaweza. La kwangu liko uani, Ipagala, mwaka wa sita sasa. Ila mwaka wa kwanza nusura nilipoteze, na kilichotaka kuliua ni turubai nililonunua ili kulikinga na mvua.

Nilijiambia wanavyojiambia wengi, kwamba Dodoma ni kukavu na unyevu ni shida ya watu wa Tanga na Unguja. Kuanzia Mei hadi Novemba hilo ni kweli kabisa. Desemba mawingu yalipoanza kutanda, nikalizungushia tanuri turubai la plastiki, nikakaza kamba mpaka chini, nikalala usingizi mzuri. Mwishoni mwa Januari nikafungua ili nichome. Turubai lilikuwa linatiririka matone kwa ndani, kama mfuniko wa sufuria ya wali. Mvua haikuwa imeingia hata tone. Maji yalitoka ardhini: udongo uliolowa hutoa mvuke, mvuke ukapanda, ukakosa pa kutokea, na usiku kulipopoa ukageuka maji juu ya tanuri lenyewe. Yale matofali meupe ya ndani ni mepesi kwa sababu yamejaa vitundu vya hewa, na vitundu hivyo hunywa maji kama sponji. Nikawasha. Breka inayokata umeme unapovuja ikakata. Nikarudisha, ikakata tena.

Fundi niliyemwita akapendekeza tuiondoe breka hiyo kwa kuwa inasumbua. Nawaomba sana, likiwakuta hilo mkatae. Tofali lililolowa hupitisha umeme, na umeme wangu ulikuwa unavuja kwenda kwenye bati la nje ambalo nalishika kwa mkono. Breka ilikuwa inanilinda mimi. Nililiacha tanuri wazi juani siku tatu, jioni nafunika juu tu, mchana naelekeza feni ndani. Kisha nikaliwasha tupu, moto wa chini kabisa, kifuniko nimekiinua kwa kipande cha tofali, joto lisipite sana nyuzi 110, kwa saa nne. Kujua kama limekauka, shika kipande cha kioo kwenye tundu la kuchungulia: kikifunga ukungu, bado. Siku hizi nafanya hivyo kila tanuri linapokaa wiki mbili za mvua bila kuchoma. Bibi aliyenifundisha kufinyanga alikuwa akivizungusha vyungu kando ya moto kwanza, vipate joto taratibu kabla ya kuchomwa. Tanuri nalo lahitaji hivyo hivyo, kwa sababu maji yaliyonaswa ndani ya tofali yakichemka ghafla hulipasua.

Kwa hiyo jengeni banda lenye paa, kuta ziwe wazi. Bati liwe juu, mita mbili na nusu au zaidi, na litokeze mbele vya kutosha, kwa kuwa mvua za huku huja na upepo na kupiga kwa mshazari. Kwangu upepo unatoka mashariki, kwa hiyo upande huo pekee nimeweka ukuta wa matofali, nusu mita kutoka kwenye tanuri. Nguzo ziwe za chuma. Za mbao mchwa watazimaliza. Chini mwaga zege lililoinuka juu ya uwanja, na kabla ya zege tandika karatasi ya nailoni ili unyevu wa ardhi usipande. Tanuri likae juu ya stendi yake ya chuma. Mkitaka kulifunika msimu wa mvua, funikeni juu peke yake, pembeni hewa ipite, na kamwe msifunike likiwa bado na joto.

Umeme una mambo yake. Tanuri dogo la kilowati 6 kwenye volti 230 linavuta ampea 26, ilhali soketi ya ukutani ni ya ampea 13. Livutiwe waya wake kutoka kwenye meinswichi, na breka yake. Volti zikishuka mpaka 200, kama inavyotokea jioni watu wakipika, nguvu ya tanuri inabaki kama robo tatu tu, na utaliona limekwama nyuzi 1,100 saa nzima bila kupanda. Mimi huanza kuchoma alfajiri. Uniti za LUKU hesabuni kabla ya kuwasha, tena mzidishe. Ethi nayo, yaani waya unaoshusha ardhini umeme uliovuja, ipimwe Oktoba. Ardhi yetu ikikauka hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo ethi iliyopimwa Machi ikaonekana nzuri yaweza kuwa haina kazi kiangazi. Nondo ya ethi ishuke chini sana.

Kiangazi adui ni vumbi. Chembe za mchanga zikitua kwenye koili, yaani zile nyaya zilizosokotwa zinazotoa moto, zikipata moto mkali huyeyuka na kuila waya, mpaka inakatika hapo hapo. Fagieni mifereji ya koili kwa brashi laini kabla ya kila mchomo, bila maji. Msizivute koili zikiwa baridi, maana zikishachomwa mara moja huvunjika kama kijiti. Vumbi hilo hilo likitua kwenye glezi mbichi, ule upako unaogeuka kioo ukichomwa, huacha madoa, na hapo sahani ya wiki nzima imeharibika.

Unyevu mwingine mnaupeleka wenyewe, ndani ya vyombo. Chungu kikiwekwa shavuni kikahisi baridi, bado kina maji, kirudisheni juani. Hata kilichokauka kabisa kina maji yaliyofungwa kwenye udongo wenyewe, na hayo hutoka kati ya nyuzi 450 na 600 hivi. Tundu la juu liacheni wazi mpaka hapo, mvuke utoke, usiende kutia kutu skrubu na viungio vya nyaya.

Mwezi wa kumi na moja, kabla ya mvua ya kwanza, zimeni umeme kwenye meinswichi, fungueni boksi la swichi. Kazeni skrubu za nyaya, tazameni kama kuna kutu ya kijani kwenye shaba, ondoeni viota vya nyigu na mijusi iliyojificha humo kwa ajili ya joto. Halafu pandeni juu ya banda mkague misumari ya bati, mmoja mmoja.