Kujitenga, kutengwa, kutengana: redio ilikosea wapi?

Swali: Mwalimu, assalam aleikum. Mimi ni msomaji wako wa Langoni hapa Lamu. Juzi usiku tulikuwa na baba tunasikiliza habari redioni, mtangazaji akasema "maeneo ya Somaliland na Puntland yaliyojitenga kutoka kwa Somalia". Baba akazima redio palepale, akasema huyu hajui Kiswahili na Somalia pia haijui. Mimi sikuona kosa. Kwani kujitenga, kujitawala, madaraka na uhuru si kitu kimoja tu?

Jibu: Waaleikum salaam dada yangu. Baba yako ana haki, tena makosa ni mawili, moja la maana na moja la sarufi, na hili la maana ndilo linaniuma zaidi kwa sababu nalisikia karibu kila wiki.

Hebu shuka gatini asubuhi mashua zikirudi. Mvuvi anamwaga samaki, nguru mmoja mkubwa anamweka kando kwa sababu ana mtu wake wa hoteli, changu na tafi wanabaki kwenye fungu. Huyo nguru ametengwa. Hakujitenga, yeye hana habari, ni mkono wa mtu umemtoa. Sasa rudi mtaani, kuna mtu haonekani barazani, harusini haji, mazikoni haji, tunasema fulani amejitenga, yaani ni yeye mwenyewe kataka. Watu wakimkata wao ndio ametengwa. Na mke na mume wakiachana kila mmoja akashika njia yake, wametengana. Shina ni lile lile, tenga, lakini ile "ji" ndogo ya kujitenga, ile "w" ya kutengwa na ile "na" ya mwisho wa kutengana ndizo zinakwambia nani kataka, nani kalazimishwa, na kama walikubaliana.

Ukishalishika hilo chukua ramani ya Afrika uanze kusoma habari upya. Biafra, upande wa mashariki ya Nigeria, mwaka 1967 ilijitenga na Nigeria, hapo hakuna ubishi, kiongozi wake Ojukwu alitangaza mwenyewe, Nigeria ikakataa, vita vikaenda mpaka 1970. Jimbo la Katanga 1960 vivyo hivyo, kiongozi wake Tshombe alijitenga na Kongo hata mwezi mmoja wa uhuru haujaisha. Lakini Eritrea je? Ilipigana miaka thelathini, ila mwisho wake ulikuwa kura ya maoni ya Aprili 1993 na Addis Ababa wakaikubali. Mimi hapo naandika Eritrea na Ethiopia zilitengana. Sudan Kusini pia, kura ya Januari 2011, karibu asilimia 99 wakasema ndiyo, Khartoum ikakubali matokeo, tarehe 9 Julai bendera ikapanda. Ukisema "ilijitenga" si kosa la sarufi, lakini umemwachia msikilizaji picha ya mtu aliyetoroka usiku, na sivyo ilivyokuwa.

Sasa Somaliland. Hapa neno lenyewe ni ugomvi. Mogadishu inasema imejitenga. Watu wa Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, wakisikia hivyo wanakasirika kweli, maana kwa hesabu yao wao walipata uhuru wao kutoka kwa Uingereza tarehe 26 Juni 1960, wakakaa siku tano tu kisha wakaungana na kusini tarehe 1 Julai, kwa hivyo mwezi wa Mei 1991 wanasema hawakujitenga na mtu, waliurudisha uhuru wao. Mwandishi hana haja ya kuwaamulia, anaweza kusema "Somaliland, iliyojitangazia uhuru 1991", basi, kasema kilichotokea bila kuvaa jezi ya mtu.

Puntland ni jambo jingine kabisa na ndipo baba yako alipozima redio. Puntland ilijiundia serikali yake mjini Garowe mwaka 1998 lakini haikusema sisi ni nchi. Ilisema sisi ni sehemu ya Somalia, tunajitawala. Ndiyo, Machi 2024 walisema hawaitambui serikali ya Mogadishu mpaka mabadiliko ya katiba yapigiwe kura na wananchi, lakini hata hapo neno zuri ni walijiondoa kwenye mfumo, nchi hawakutangaza. Mtu anaweza kuhama chumba cha wazee akajenga banda lake uani, anapika mwenyewe, bado yuko ndani ya kiwanja. Huyo anajitawala, hajajitenga.

Na usidhani kila anayejitenga anataka uhuru. Jirani zetu wa visiwa vya Komoro, Ngazija na Nzwani, wanatufundisha. Mwaka 1997 Nzwani ilijitenga na Komoro, na waliokuwa mstari wa mbele walikuwa wanataka kurudi chini ya Ufaransa! Ukiandika hapo "wanaodai uhuru" umeharibu habari yote. Maore nayo (Mayotte kwa Wafaransa), kwenye kura ya 1974 visiwa vitatu vingine vilitaka uhuru, yenyewe ikachagua kubaki na Ufaransa. Paris wanasema Maore ilibaki, Moroni, mji mkuu wa Komoro, wanasema Ufaransa iliitenga, kama yule nguru. Kisiwa kimoja, vitenzi viwili.

Kuhusu madaraka na uhuru, dada, hili lilitakiwa liwe rahisi kwetu Kenya kuliko kwa mtu yeyote kwa sababu tuna sikukuu mbili. Tarehe 1 Juni 1963 tulipata madaraka, mambo ya ndani tukaanza kuendesha wenyewe, jeshi na mambo ya nje yakabaki kwa Mwingereza. Uhuru ukaja 12 Desemba. Sudan Kusini ilipita njia hiyo hiyo, madaraka yake kuanzia makubaliano ya amani ya 2005, uhuru 2011. Inaniuma sana kwamba siku hizi madaraka yamebaki kuwa cheo na kiti tu, "fulani ametumia vibaya madaraka", maana ya kwanza watoto hawaijui ingawa siku yenyewe hawaendi shule. Ugatuzi ni tofauti kidogo, huo unatoka juu, serikali kuu ndiyo inagawa, kama kaunti zetu 47 zilizoanza 2013. Kugatua ni mkono wa anayetoa, kujitawala ni wa anayeshika.

Wazee wetu wa Mwambao wenyewe walikataa neno kujitenga. Mwanzoni mwa miaka ya sitini walipokuwa wakidai ukanda wa pwani wa maili kumi ujitawale, hoja yao ilikuwa ukanda ni wa Sultani wa Zanzibar kwenye karatasi, Mwingereza kaukodi tu, kwa hivyo utajitengaje na kitu ambacho hukuwa ndani yake. Oktoba 1963 Sultani akauachia Kenya, hoja ikaisha kisheria, ila ukikaa na wazee wa mtaa wa Mkomani hapa Lamu utawasikia bado wanachagua maneno kwa uangalifu, na nahisi baba yako kalelewa na masikio hayo.

Kosa la sarufi ni dogo, "kujitenga kutoka kwa". Kwa Kiswahili mtu hujitenga na kitu. Hiyo "kutoka kwa" imefasiriwa neno kwa neno na haraka ya chumba cha habari. Na wanaotaka kujitenga tusiwaite watenganishi, mtenganishi ni anayewatenganisha wengine, kama mtu aliyeingia kati ya wagomvi wawili.

Kwa hivyo mkitaka kumtumia yule mtangazaji meseji muandikieni: "Somaliland, iliyojitangazia uhuru 1991, na Puntland, inayojitawala ndani ya Somalia". Na baba umpe salamu zangu.