Kuamua Mara Moja: Majibu kwa Wasomaji Waliochoshwa na Mambo Madogo

Nina watoto watatu na nimeajiriwa hapa Dar es Salaam. Kinachonichosha si kazi, bali swali ninalopigiwa simu kila jioni: leo tupike nini? Je, ni uvivu wangu?

Si uvivu, mama. Ndani ya swali hilo moja mna maswali mengine ambayo anayeuliza hayaoni: gesi imebaki kiasi gani, nazi ipo au imekwisha, nani hali dagaa, na kesho watoto wabebe nini shuleni, nawe huyajibu yote ukiwa ndani ya daladala, baada ya kutwa nzima ya kuamua mambo ya ofisi. Dawa yake ni ratiba ya wiki iliyobandikwa jikoni, kama ile ya shule za bweni, ambako hakuna anayehitaji kuuliza Jumatano kuna nini. Usitafute mapishi mageni. Chukua yale yale mnayokula siku zote, kila pishi ulipe siku yake. Maharage ya wiki yalowekwe Jumamosi usiku na kuchemshwa yote Jumapili, kisha yagawanywe katika vyombo vitatu na kuwekwa kwenye friza bila chumvi wala nazi, kwa kuwa kuunga ni kazi ya muda mfupi inayofanyika siku ya kula. Siku moja iachwe wazi kwa ajili ya viporo, au kwa mwenye hamu ya kitu chake.

Hata hivyo, ratiba haitakufaa sana iwapo ni wewe peke yako unayekumbuka kila kitu nyumbani. Mwachie baba watoto jambo zima, si kipande chake: kama ni umeme, yeye ndiye aangalie uniti zilizobaki, anunue LUKU na aingize tarakimu zote 20 kwenye mita, bila kungoja kutumwa. Ukimtuma umejipunguzia kutembea tu; kukumbuka kunabaki kwako.

Nimesikia kwamba kila uamuzi hupunguza nguvu ya akili kama chaji ya simu. Sayansi inasemaje? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Dhana hiyo ilipata umaarufu mwaka 1998, pale mwanasaikolojia wa Marekani, Roy Baumeister, na wenzake walipoeleza kwamba watu waliozuiwa kula biskuti za chokoleti zilizokuwa mbele yao, wakapewa figili, walikata tamaa mapema zaidi walipopewa mafumbo yasiyo na jibu. Mwaka 2016, maabara 23 ziliipima dhana hiyo kwa pamoja, kwa jaribio la aina nyingine lililohusisha watu zaidi ya 2,000, na athari iliyoonekana ilikaribia sifuri. Kwa hiyo sikushauri uhesabu maamuzi yako kwa hofu. Sababu iliyo imara zaidi ni ufinyu wa kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo mwanasaikolojia Nelson Cowan alikadiria mwaka 2001 kwamba hushika mambo manne hivi kwa wakati mmoja. Jambo dogo ambalo halijaamuliwa hugombea nafasi hizo chache na jambo kubwa unalolisomea.

Je, nivae nguo za aina moja kila siku, kama Obama? (Mwalimu, Nakuru)

Ni kweli kwamba mwaka 2012, akiwa rais, alieleza kuwa huvaa suti za kijivu au za buluu tu ili apunguze maamuzi. Ila sidhani kama alizipiga pasi mwenyewe. Ikiwa kuchagua nguo kunakufurahisha, mwalimu, endelea kuchagua, lakini uchague usiku.

Nina magrupu mengi ya WhatsApp: ukoo, chama, wazazi wa shule, kanisa. Nikinyamaza naonekana nina dharau. Nifanyeje?

Hili ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu kwetu habari ya msiba na ya mchango hupitia huko huko, na hakuna anayetaka kujua kifo cha shangazi siku mbili baadaye. Zima milio ya magrupu yote, kisha uwaombe ndugu wawili au watatu wa karibu wakupigie simu panapotokea dharura. Mengine uyasome mchana na jioni. Kuhusu michango, tenga fungu la kila mwezi mapema, ili kila kadi ya harusi inapoingia, swali liwe kama fungu bado lipo, badala ya kuanza upya mjadala wa kiasi gani kitakuokoa na lawama.

Kila ratiba ninayoanzisha hufa wiki ya pili. Tatizo ni nini?

Huenda unaihukumu mapema mno. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa katika jarida la mwaka 2010, ulionyesha kwamba tendo jipya lilihitaji wastani wa siku 66 kabla ya kufanyika bila kufikiriwa, ingawa wengine walihitaji siku 18 na wengine wangehitaji hadi 254. Tena, kukosa siku moja hakukuharibu mazoea. Anza na jambo moja, ulifungamanishe na lile unalolifanya tayari, kwa mfano kupanga vitabu vya kesho mara tu vyombo vya chakula cha usiku vinapooshwa, na usiongeze la pili hadi hilo la kwanza liwe halikumbushwi tena na mtu yeyote.