Kufunga vifaa kwenye boti ya alumini pale mkono usipofika nyuma

Wenye boti za alumini huniuliza mara kwa mara: nitumie ribiti, yaani kipini kinachovutwa kwa msumari wake mpaka kijikunje nyuma ya bamba, au skrubu? Mimi huwarudishia swali jingine kwanza. Hicho unachotaka kukifunga kitavutwa kuelekea upande gani, na kwa nguvu kiasi gani? Ukishalijibu hilo, umejua karibu kila kitu. Na mara nyingine jibu lake ni kwamba uiache drili chini kwanza, utafute njia ya kufika nyuma ya bamba.

Boti nyingi ndogo zimeundwa kwa bamba lenye unene wa milimita 2 hivi. Nyuma ya bamba hilo kuna povu la kuifanya boti ielee, au sakafu iliyofungwa moja kwa moja, au ukuta wa ndani usiofunguka. Sasa chukua bolti ya M6 ya kawaida, yaani ya kipenyo cha milimita 6. Uzi wake hupanda milimita 1 kwa kila mzunguko, kwa hiyo ukikata uzi kwenye bamba la milimita 2, bolti nzima inashikwa na mizunguko miwili tu. Skrubu inayojikatia uzi yenyewe ina hali mbaya zaidi, maana mizunguko ya uzi wake imeachana zaidi. Itakaza vizuri siku ya kuifunga, kisha mtetemo wa injini utaitafuna alumini taratibu mpaka tundu liwe kubwa kuliko skrubu. Mimi skrubu naziachia vibanio vya waya na vitu vyepesi vya aina hiyo, basi.

Kwa kazi nyingi za kawaida, ribiti ndiyo chaguo langu, lakini si ribiti yoyote. Ile ya kawaida iko wazi katikati. Msumari wake ukishakatika, hubaki kijitundu kinachopitisha maji, na kipande cha msumari kilichobaki ndani mara nyingi ni cha chuma, kinaota kutu. Unayoitaka ni ribiti iliyozibwa mwisho wake, ambayo kichwa cha msumari hufungiwa ndani ya kikombe cha alumini. Kipimo ninachokitumia sana ni milimita 4.8, na tundu lake nalitoboa milimita 4.9. Pima jumla ya unene wa vitu vyote unavyoviunganisha, kisha hakikisha unene huo umo ndani ya kiwango kilichoandikwa kwenye pakiti. Ribiti ndefu kupita kiasi haijikunji vizuri upande wa pili, na wewe huoni kinachotokea huko.

Pia usiziweke karibu mno na ukingo. Kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bamba iwe angalau mara mbili ya kipenyo cha ribiti, na kati ya tundu na tundu angalau mara tatu.

Ribiti inapendeza pale nguvu inaposukuma sambamba na bamba, yaani kifaa kinapotaka kuteleza juu ya bamba. Haipendi kuvutwa kama unaing'oa. Kishikio cha fimbo ya kuvulia, kiti, mkono wa injini ndogo ya umeme, kifungio cha kamba ya nanga: hivi vyote vinavuta vikitoka nje, tena kwa mishtuko.

Wengi hapo hukimbilia nati ya ribiti, ile inayoingizwa kwenye tundu, ikavutwa na kifaa chake mpaka ijikunje nyuma ya bamba, ukabaki na uzi wa kufungia bolti. Ni kitu kizuri kwa vifaa unavyotaka kuvifungua na kuvifunga tena. Lakini ya M6 huhitaji tundu la milimita 9 hivi, na tundu hilo likizidi hata kidogo, nati itazunguka. Nati ikianza kuzunguka na bolti imeshikana nayo, huwezi kukaza wala kulegeza. Inabidi ukikate kichwa cha bolti. Kwa hiyo toboa kwa hatua, anza na biti ndogo, malizia na ile kamili, na kila bolti ya chuma cha pua ipake Tef-Gel, jeli ya kuzuia metali mbili zisilane, kabla ya kuiingiza.

Hilo la kupaka ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Chuma cha pua na alumini vikigusana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe ukijitokeza kuzunguka kichwa cha bolti, na rangi ikivimba kama lengelenge. Shaba ni mbaya zaidi, na hapa watu hunaswa bila kujua, kwa sababu mbao nyingi zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza zina shaba ndani ya dawa hiyo. Usiweke ubao wa namna hiyo ukigusa bamba. Tumia bamba la alumini au plastiki ngumu. Silikoni inayonuka siki nayo usiitumie, kwa sababu harufu hiyo ni asidi na inashambulia metali. Chukua gundi ya baharini ya poliyurethani. 3M 4200 inafunguka ukihitaji, 5200 ni ya kudumu na kuitoa ni mateso.

Sasa turudi kwenye vile vinavyovuta kwa nguvu. Njia ya kwanza ni kupanua mzigo kwa nje. Kata kipande cha alumini chenye unene wa milimita 6, kikubwa kuliko kitako cha kifaa chako, kikatie uzi, halafu kifunge kwenye boti kwa ribiti nyingi pamoja na gundi. Kifaa kinashikwa na kipande kile kinene, na mvuto unagawanyika kwenye ribiti zote.

Njia ya pili, ambayo kwa kiti na kifungio cha nanga ndiyo ninayoitetea, ni kukata tundu la ukaguzi la milimita 100 au 150 karibu na mahali pa kazi, ili mkono uingie kuweka bamba na nati kwa nyuma, na kulifunga kwa kifuniko cha kuzungusha. Watu wanaogopa kukata boti yao. Mimi naona afadhali tundu moja safi lenye kifuniko juu ya usawa wa maji kuliko kiti kitakachong'oka mtu akiwa amekikalia. Kama mkono bado haufiki, pitisha waya mwembamba kwenye tundu la bolti mpaka uutoe kwenye tundu la ukaguzi. Andaa bamba la ndani likiwa na bolti zake zimeshafungwa kabisa, funga waya kwenye ncha ya bolti mojawapo, kisha vuta polepole huku ukiliongoza bamba. Ncha ikishatokeza nje, nati unaifungia hukohuko nje.

Kabla ya kutoboa popote, jua kilichoko nyuma: tangi la mafuta, waya, bomba. Zungushia biti kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi kwa alama ya kina ili isizame. Endesha drili polepole, weka tone la mafuta mepesi, na usafishe makali ya tundu kwa biti kubwa uliyoishika kwa mkono.

Chini ya usawa wa maji, mimi sitoboi kwa ajili ya kihisio cha kupimia kina. Nabandika kipande cha plastiki ngumu kwa gundi, kihisio kinakaa juu yake, na siku ukibadilisha kifaa unatoboa plastiki wala si boti. Kwarua alumini kwa msasa, ifute kwa asetoni, na gundi iingie mara moja, kwa sababu tabaka la oksidi huanza kurudi papo hapo.

Ukikuta ribiti ya zamani inacheza, usiigonge ukitumaini itakaza. Sukuma nje kipande cha msumari kwa panchi, itoboe, na kama tundu limepanuka weka ya milimita 6.4 iliyozibwa, ukiichovya kwenye gundi kabla ya kuivuta.