Jibu: Skrini ya mashine ya makasia inawaka lakini haihesabu

Salaam mkuu. Umesema skrini ya mashine yako ya mazoezi ya kupiga makasia inawaka vizuri, ila ukivuta mpini, mita na idadi ya mivuto vinabaki sifuri. Mara nyingi skrini yenyewe haina kosa, haipati tu ishara kutoka kwenye sensa, yaani kifaa kidogo kinachotambua gurudumu linapozunguka.

Hata hivyo anza na betri, badilisha zote kwa pamoja. Betri iliyochoka huweza kuwasha skrini na bado ishara isisomeke.

Kisha waya wa nyuma ya skrini. Chomoa plagi, tazama kama kuna pini iliyopinda au kutu ya kijani, uirudishe mpaka ikae sawasawa. Waya huu hupenda kukatika ndani pale unapokunjwa na mkono wa skrini, ganda la nje likiwa zima kabisa. Utikise hapo huku mtu mwingine akivuta. Namba zikirukaruka, mchawi umempata.

Bado sifuri? Fungua kifuniko cha gurudumu. Kwenye mashine nyingi kuna sumaku ndogo inayozunguka mbele ya sensa, mwanya wa milimita chache tu, bila kugusana. Sumaku iliyobanduka hunasa kwenye chuma cha karibu, itafute humohumo. Unapoibandika kwa gundi ya epoksi usiigeuze: sensa nyingine husoma upande mmoja tu wa sumaku.